Uji kwa Madame, Magunzi kwa Watoto

Senga Yudaya mpendwa,

Nakuomba msaada huku nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa mbele ya banda la nguruwe, na najua dini yako haikuruhusu kumla mnyama huyu, unisamehe, lakini kila wiki nakusoma gazetini, wewe shangazi wa wote, ukiwatengenezea watu nyumba zao, na hili langu ni la nyumba pia. Mimi ni Sidonie, mama wa Kongo, wa Kivu ya Kusini, naishi hapa Uganda, kambi ya wakimbizi ya Nakivale, na mume wangu Anatole, tunalima mahindi na maharagwe, na siku hizi nina furaha mpaka usingizi umenikimbia kwa sababu binti yetu Olga ataolewa Jumamosi ya kwanza baada ya Noeli, na mchumba wake ni Eriya, fundi wa pikipiki wa Nyamitanga, kijana mwenye adabu, na baba yake ni Sajenti Rwakabuba wa kambi ya jeshi huko Mbarara.

Walipokuja kujitambulisha, Sajenti alikula nguruwe tuliyemchoma mpaka akafungua kifungo cha shati, akasema, "Mama, ng'ombe sisi iko nayo nyumbani. Siku ya harusi mimi nataka hii tu, ingine sitaki," nami kwa furaha nikasimama mbele ya wageni na wanakwaya wote wa kanisa letu nikaahidi kwamba kila meza itapata nguruwe mchanga, laini, wa kufugwa kwa mkono wangu, maana jike wetu, ambaye tunamwita Madame, alikuwa amezaa watoto wengi mwezi wa Januari.

Sasa Senga, kwetu mama mzazi hutunzwa, anakunywa uji wa moto, kilicho kizuri kinaanzia kwake, na mimi nikamtunza Madame vivyo hivyo, uji wa unga wa mahindi na dagaa wa kusaga asubuhi na jioni, na watoto walipoacha kunyonya sikuwa na moyo wa kumwondolea, nikaendelea, na wale watoto nikawapa mabaki ya shamba, magunzi ya mahindi niliyotwanga, maganda ya maharagwe, pumba zile ngumu, maganda ya matoke, na walikula vizuri mno, matumbo yakawa mviringo kama ngoma, kila apitaye anasema Sidonie una mkono wa kufuga, nami nacheka tu. Lakini juzi nilipokuwa nawaosha nikapitisha mkono mgongoni nikakuta mifupa mitupu, yaani ni tumbo peke yake, mgongoni hamna kitu, na kinyesi chao kimejaa vipande vya magunzi vilevile nilivyovitwanga, na Madame naye amenenepa hivi kwamba tulipomletea dume la jirani alilala chini akamgeuzia mgongo.

Anatole akasema, "Hii nguruwe inakula tu, haizale tena. Siku ya ndoa ya mutoto tutachinja yeye. Ao batu bote bale batakula nini, matumbo?" nami nikalia mbele yake, maana Madame tulimnunua kule Rugaaga wakati hatuna kitu, na watoto wake ndio waliomsomesha Olga. Na kilichonileta kwako ni hiki, Sajenti amesema atakuja Jumapili ya mwisho wa mwezi huu kuona nguruwe wake, ndivyo anavyosema, "wake", na jirani yangu Mukandoli amekubali kuniazima wa kwake, wanene, tuwaweke bandani kwangu kwa siku hiyo moja, Anatole hajui, na mimi nikifikiri nacheka lakini pia naogopa. Je, niwaazime? Au nimwachie Anatole amchinje Madame yaishe? Nisaidie, Senga.

Sidonie, Nakivale, Juni 2012

Senga Yudaya anajibu:

Mama Olga,

Kwanza hongera, na vigelegele vyangu vimfikie binti. Pili, dini yangu hainikatazi kucheka, na nimecheka mpaka chai ikapoa. Nguruwe wa kuazima, mama mzima, mwenye wanakwaya wa kumshuhudia.

Mambo ya nguruwe mimi siyajui, kwa hiyo nilimpigia simu rafiki yangu Babra wa Kakiika, mke wa askari, ambaye amewafuga miaka mingi. Nilimsomea barua yako na hakungoja nimalize. "Senga, huyo mama anapatia mukubwa chakula ya mutoto, na mutoto anapatia chakula ya mukubwa. Abadilishe sahani tu." Ndivyo ilivyo. Tumbo la nguruwe mkubwa ni pana na lina subira, linakaa na makapi mpaka linapata faida yake. La mtoto anayekua ni dogo, ukilijaza magunzi anashiba kabla hajapata cha kujengea nyama. Wewe ulikuwa unapima unono kwa tumbo, na hata mwenye minyoo ana tumbo. Kumtunza mzazi ni jambo zuri, lakini Madame ameshatoka uzazini siku nyingi. Hata wewe nadhani Anatole hakukupikia uji mpaka mtoto akaota meno.

Basi anza leo. Uji na dagaa vihamie kwa watoto, pamoja na pumba laini na yale maharagwe yaliyovunjika, ukiyachemsha vizuri. Maganda usiwanyime kabisa, maana ni ya bure na kidogo yanawafaa. Babra anasema robo ya chakula chao inatosha, iwe imetwangwa na kulowekwa, na majani ya viazi vitamu uwakatiekatie juu. Magunzi, hapana. Hayo ni ya Madame, yeye na maganda mengine yote, na maji ya kutosha, na kiganja cha pumba ili asijione ametupwa. Atanung'unika, mwache anung'unike. Akishapungua, huyo dume ataanza kumwona mzuri. Watoto watafutie pia dawa ya minyoo kwa daktari wa mifugo. Kuanzia sasa hadi Noeli muda upo, mgongo utajaa.

Kwa Anatole, mwambie hivi: nguruwe mzee aliyenenepa vile ni mafuta matupu, na wageni wameahidiwa nyama laini. Kisu akiweke. Na wewe usimlilie tena, mwambie wazi kwamba kosa lilikuwa la chakula na umeshalijua, halafu mpe mchi akusaidie kutwanga.

Sasa hilo la Jumapili, hapo sikuchekei. Nguruwe wa Mukandoli wabaki kwa Mukandoli. Ukimdanganya mkwe mwezi wa Juni itabidi uendelee kumdanganya hadi siku ya harusi, na jirani atakuwa ameshika siri yako kila mkikosana juu ya kuku aliyeingia shambani. Tena umelielewa jambo lenyewe kinyume. Unadhani Sajenti ndiye anayekuja kukagua, kumbe wewe ndiye unayemkagua. Mwanao anakwenda kuishi kwa watu hawa, na ipo miaka atakayokuwa hana kitu, kama nyinyi mlivyokuwa. Mfungulie banda lako mwenyewe, mwoneshe hao wenye matumbo, mweleze ulivyokosea, kisha nyamaza umtazame usoni. Akinuna na kuuliza nyama yake iko wapi, njoo Mbarara tukae tuzungumze kabla hujashona nguo ya harusi. Akicheka, akakunja mikono ya shati na kuuliza ndoo iko wapi, basi lala usingizi wako, mama. Olga amepata kwao.