Yai Lenye Duara la Damu

Savai'i

Mwanangu Sinalei,

Huku hatujambo. Baba yako Pesamino hajambo, yuko kwenye magimbi yake. Mdogo wako Lagi hajambo, na mdomo wake haujambo. Kuku wako mweupe anaatamia mayai manane. Jana tulifunga mapazia tukayamulika kwa tochi. Saba yana mishipa kama miguu ya buibui. La nane lilikuwa nayo wiki iliyopita. Sasa lina duara la damu tu.

Lagi akasema, "Mama, hilo limeshakufa, litupe lisije likanuka!"

Nikamwambia funga domo. Nimelirudisha chini ya kuku.

Mwanangu, uliandika kwamba mtoto tumboni ametulia siku tatu. Nijibu upesi, hata neno moja. Anacheza?

Mama yako,
Fuatino