Hooyo, Nimefika: Habari ya Mtu Anayekimbia Bila Kufukuzwa

Hooyo, mama yangu mpenzi,

Nimefika. Naanza na hilo kwa sababu hukupenda mtu aanze hadithi kwa kuzunguka. "Kwanza sema kama ni salama, chai itakuja," ndivyo ulivyotuambia sisi wanao kila tulipoingia nyumbani Waberi tukihema. Basi ni salama, na nimefika, na medali yenyewe ni kipande cha mbao chenye kamba. Ungeicheka.

Nakuandikia kwa Kiswahili makusudi. Ndiyo lugha uliyouzia maziwa ya ngamia sokoni Garissa maisha yako yote, ukiikunja upendavyo, na wateja wako wa kutoka bara wakikuelewa vivyo hivyo. Wengine bado huja penye kigoda chako wakiuliza mama wa maziwa yuko wapi. Nataka na wao waisome barua hii.

Unakumbuka nilivyoanza? Kazi ya kutengeneza pampu za visima ilikuwa imenipa kitambi, na mwenzangu mmoja kazini akanivuta tukimbie pamoja asubuhi. Yeye alichoka akaacha, mimi nikanogewa. Kisha nikasikia kuna mbio za porini ambazo mtu huanza alfajiri akamaliza jua likizama, juu ya mawe na mchanga, umbali unaoipita marathoni. Vijana wanaziita ultra. Nilipokueleza uliweka kikombe chini ukauliza, "Na mwisho wake kuna nini?" Nikasema hakuna kitu. "Hakuna hata ngamia aliyepotea?" Hakuna, hooyo. Ukakiinua kikombe tena. "Haya, kimbia. Lakini suruali iwe ndefu." Kesho yake ukaniletea fulana ya manjano kutoka sokoni, ili wenye malori wanione.

Nikawa nakimbia njia ya Bura, pembeni ya barabara, kwenye vijia vya mifugo. Mchanga ule unameza mguu mpaka kifundo, na miiba inapita soli ya raba bila kubisha hodi. Twiga walikuwa wananitazama kama watu wa ofisini wanavyomtazama mtu aliyechelewa. Nilikuwa navaa visikizi vya muziki masikioni na sisimami kwa yeyote, maana nilisoma mahali kwamba ukisimama misuli inapoa.

Hapo ndipo nilipoharibu. Asubuhi moja nilipita karibu na kambi ya Adan na mkewe Khadija, wale wafugaji waliokuwa wakikuletea maziwa. Watoto wao waliniita. Sikusikia. Mzee Adan alinyanyua fimbo kunisimamisha, nami nikadhani ananisalimu, nikapunga mkono nikaongeza mwendo. Siku ya pili jirikeni zako za maziwa hazikuja. Ya tatu pia. Wateja wakakuzunguka sokoni wakidai maziwa, mpaka dereva mmoja wa lori akaleta maneno: kuna mtu amepita mbio upande wa Bura, hakusimama, hakutoa habari, na Adan amefungua ngamia wake usiku huohuo akahamia karibu na mto, na kambi mbili zimemfuata.

Ukamwuliza yule dereva, "Alivaa nini?"

"Fulana ya manjano."

Nilirudi kutoka kazini nikakukuta umekaa mlangoni. Hukupaza sauti. Ukaniuliza kama mimi ni mtoto wa nani, na kama huyo mama yangu alinifundisha kupita watu kama mbwa aliyeiba nyama. Halafu ukasema neno ambalo naliweka mpaka leo: "Mtu anayekimbia ana habari. Akipita bila kuitoa, amewaachia wengine waitunge."

Nilijua. Kila mtoto wa kwetu anajua. Ukikutana na mtu njiani unasimama, unasema umetoka wapi, mvua imenyesha wapi, malisho yakoje, nani anaumwa, na njia uliyopita ina nini. Huo si upole tu, ndio ulinzi wenyewe, maana porini hakuna anayekuonya isipokuwa yule aliyetoka huko unakokwenda. Nilijua, ila nilidhani ukivaa raba umekuwa mtu mwingine.

Ukapakia sukari na majani ya chai, tukapanda gari la maziwa tukawatafuta mpaka tukawapata. Wewe ukasema, mimi nikiwa nimeinamisha kichwa. "Huyu ni mwanangu. Anakimbia tu."

Adan alinitazama juu mpaka chini. "Hafukuzwi?"

"Hafukuzwi."

"Wala hafukuzi?"

"Wala hafukuzi."

"Basi anaumwa," akasema Adan, na akainua mikono kuniombea dua nipone. Ulifunika mdomo kwa ncha ya shela yako. Nilikuona mabega yakicheka. Maziwa yakarudi sokoni wiki hiyohiyo, nawe ukanipa amri: tangu leo usimpite mtu. Mmoja mmoja, simama, toa habari.

Nikatii, tena nikazidisha. Mwaka mzima nilifanya mazoezi ya kukimbia na kusimama. Nilijua kondoo wa nani wamezaa na ni kisima kipi kimeanza kutoa maji ya chumvi, jambo lililonisaidia sana kazini. Miguu ikakomaa. Nikawa naweza kutoka asubuhi na kurudi mchana bila kutembea, ukiondoa zile salamu. Nikajiandikisha kwa mbio za kwanza, kule kwenye vilima vya upande wa Isiolo, na nikakuahidi kwamba nitafika mwisho.

Sikufika. Unajua kwa nini, maana ulikuwa mtu wa kwanza kuambiwa. Njia ile ilikuwa imejaa wafugaji, na mimi nikasimama kwa kila mmoja. Mzee mmoja alitaka kujua bei ya mbuzi Garissa. Mama mmoja alikuwa na binamu aliyeolewa Kotile, tukamtafuta kwa ukoo mpaka tukampata. Wakimbiaji wenzangu walikuwa wakipita, nami nawaonea huruma kwa kukosa adabu. Nilipofika kituo cha mwisho cha maji, binti mwenye saa na kofia pana akanizuia. "Pole kaka, muda umekwisha. Huruhusiwi kuendelea."

Nikamwambia nina nguvu, miguu ni mizima, nilikuwa nasalimiana na watu. Akanitazama kwa huruma ya kweli. Akaninywesha maji na kunipakia kwenye gari pamoja na waliotapika na waliovunjika. Mimi peke yangu ndani ya gari lile sikuwa na ugonjwa wowote.

Nilikuja nyumbani nimenuna, nikakusimulia. Ulicheka mpaka ukajishika ubavu, ukaomba maji, ukacheka tena. Niliumia, nisikufiche. Lakini ulipomaliza ulijifuta macho, ukanipeleka uani, ukasema tatizo langu ni kwamba nina mambo mawili tu, bubu au redio. Ukanifundisha la tatu. Mtu akiwa na haraka ya halali, hangoji kuulizwa. Anainua mkono mapema, kiganja wazi, waone hakina kitu, na anaita "Nabad" kwa sauti, yaani ni amani, mpaka aitikiwe. Akiitikiwa, amekwisha kutoa habari, aende zake. Ulinikimbiza kuzunguka ule ua, hooyo, na wewe umekaa juu ya jirikeni ukijifanya mfugaji. Kila nilipochelewa kuinua mkono ulisema, "Nimeshahama." Majirani wakachungulia.

Ikafanya kazi. Njia ya Bura nzima ikanizoea. Watoto wa Khadija walikuwa wanaitikia kabla sijamaliza neno, na wewe sokoni unapata salamu zangu kupitia jirikeni za maziwa kabla sijafika nyumbani. Tulipanga nirudi Isiolo. Ulisema safari hii utakuja, ukae kwenye kile kituo cha mwisho, umtazame huyo binti mwenye saa.

Kisha figo zako zikakataa. Haya unayajua kuliko mimi, sitayarefusha. Tulikuzika, Garissa nusu ikaja, na wafugaji wa Bura wakaja na gari lilelile la maziwa.

Nilijaribu kukimbia baada ya hapo. Nilifika kwenye kona ile ya kwanza ya mchanga, nikaona watoto kwa mbali, nikainua mkono. Neno halikutoka. Ningesemaje ni amani? Nikageuka nikarudi. Nikawaambia watu kisigino kinauma, na kiliuma kweli, mshipa ulikuwa umevimba nikachechemea miezi. Lakini kisigino kilipona. Mimi ndiye niliyebaki nyumbani, raba zikiota vumbi chini ya kitanda.

Aliyeniamsha ni mdogo wako, mama mdogo Habiba. Alichukua kigoda chako sokoni, na jirikeni, na simu yako pia, kwa sababu wateja wote wana namba ile. Siku moja akaja na maneno. "Khadija anauliza mbona hupiti. Wanasema njia imenyamaza. Kuna wanaodhani kuna jambo huko mbele, ndiyo maana umeacha. Adan ameanza kuangalia mahali pa kuhamia."

Hooyo, nilishtuka. Kwanza niliwahamisha kwa kukimbia, na sasa nataka kuwahamisha kwa kukaa.

Asubuhi yake nikatoa raba, nikazikung'uta, nikaenda. Nilikimbia vibaya, pumzi fupi, kitambi kimeanza kurudi. Nilipoikaribia kambi niliinua mkono, na neno likakwama palepale. Nikasimama mbele ya Khadija, aliyekuwa akikamua ngamia, mguu mmoja juu na bakuli gotini, mkono wangu bado uko hewani kama wa mwanafunzi.

"Mkono nauona," akasema bila kuacha kukamua. "Neno liko wapi?"

Nikamwambia siwezi kulisema. Nikamwambia mama amekufa.

"Tulikuwepo mazishini. Habari hiyo tunayo." Alikasirika kidogo, unamjua. "Sisi hatukuulizi kama una huzuni, wewe. Tunakuuliza kama njia ina hatari. Ina hatari?"

"Haina."

"Basi sema, watoto wasikie."

Nikasema. Sauti ilipasuka katikati, ikatoka kama ya kijana anayebalehe. Nyuma ya ua wa miiba watoto wakaitikia wote, "Nabad, nabad." Khadija akanipa maziwa kwenye kifuniko cha jirikeni, nikayanywa nikilia, na hakuna aliyeniuliza nalilia nini. Nikaendelea mpaka kambi inayofuata, na inayofuata. Kila mahali nilisema. Kurudi nyumbani sauti ilikuwa imekauka, lakini siku hiyo nilijua nitarudi Isiolo, na nitafika, hata kama ni kwa magoti.

Na nusura iwe kwa magoti. Siku ya mbio kisigino kilianza kelele kwenye mteremko wa kwanza. Juani misuli ya paja ikakaza, nikaegemea jiwe nikajikanda huku wengine wakinipita, na safari hii hawakuniudhi. Niliondoka pale nikijikokota. Kwenye mgongo wa kilima mzee mmoja alisimama na ng'ombe wake, huenda ni yuleyule wa bei ya mbuzi. Nikainua mkono toka mbali. "Nabad." Naye akainua wake. "Nagaa," akaitikia kwa lugha ya kwao, na maana ni ileile. Sikusimama. Ndivyo nilivyookota dakika zangu, hooyo, kilima hadi kilima, mtu hadi mtu, kiganja wazi.

Binti mwenye saa alikuwa palepale, na kofia ileile. Nilimwona akiitazama saa, akanitazama, akaitazama tena. Nilikuwa nimeshaanza kuandaa maneno ya kumlaumu. "Pita kaka," akasema, "pita haraka, wanakaribia kufunga." Pembeni yake palikuwa na kiti cha plastiki kitupu. Nilikitazama mara moja tu, maana nilijua ningekitazama tena nisingeondoka.

Nilifika mwisho jua likiwa limegusa vilima. Nyuma yangu walibaki wachache. Walinivika kile kipande cha mbao, nikakaa chini, na mkono ukafanya ulichozoea: ukatoa simu, ukabonyeza jina lako. Sijalibadilisha. Bado limeandikwa Hooyo. Ilikuwa imeshaita ndipo nikakumbuka. Nilitaka kukata, lakini mama mdogo alikuwa ameshapokea, na nyuma yake nasikia soko, jirikeni zikigongana. Akauliza kama ulivyokuwa ukiuliza, kabla ya salamu, kabla ya jina, "Ni salama?"

Nikainua mkono, hooyo. Nimekaa chini, nimejaa vumbi, naongea na simu, na nimeinua mkono. Nikasema ni amani.

Pumzika. Njia niliyopita haina kitu kibaya, na sasa habari unayo.

Mimi mwanao,
yule asiyefukuzwa na mtu