Nilimzungusha Mama Yako Kabondo kwa Baiskeli

Zaina, mke mwenzangu,

Nimerudi Kindu juzi na bado sijatulia. Asubuhi nimeanza kufagia ua nikauacha katikati. Nimebandika chai nikaisahau mpaka sufuria ikaungua. Ramazani ananiangalia tu, anadhani ni uchovu wa safari. Sijamweleza kitu. Nataka bwana wetu ayasikie baada yako, maana mambo yenyewe ni yako.

Kwanza mwanao. Mariamu ameng'oka meno mawili ya mbele, sasa akicheka anaziba mdomo kwa kiganja, kama ulivyokuwa ukifanya wewe mbele ya wakwe. Mchana ananiita Mama bila kusita. Usingizini bado anakuita wewe. Huwa nakwenda nalala kando yake, simsahihishi. Ramazani amezeeka ghafla. Hajaoa tena, na watu wakimtajia habari hiyo anainuka anaondoka.

Na mimi, tangu tulipokuzika, siwezi kukaa. Nikikaa tu, naisikia ile sauti ya mama yako.

Wewe hukuisikia. Ilikuja kwenye simu ya Ramazani siku ya pili ya matanga. Mama yako hakuweza kuja, miguu yake imevimba na mto ni mrefu kutoka Kisangani mpaka kwetu. Ramazani akaufungua ule ujumbe mbele ya watu, akifikiri ni dua. "Muambie ule mbanda wake," sauti ikasema, "alimukula mutoto yangu, sasa ashibe." Watu wakainamisha vichwa. Mbanda. Ninyi wa Kisangani ndivyo mnavyomwita mke mwenza, na neno lenyewe limebeba ugomvi wake tumboni. Mikono yangu bado ilinukia kafuri tuliyokuoshea.

Ramazani alikasirika, hakumjibu, wala hakumpigia tena. Mimi niliendelea na kazi dukani.

Halafu mzigo wa taa za sola ukawa unakuja kwa boti kutoka Kinshasa, na patroni, mwenye duka, akasema mtu aende Kisangani kuupokea. Hakumaliza kusema, nikajibu nitakwenda mimi. Kisha nikajuta njia nzima mpaka Ubundu.

Boti ilikuwa imekwama kwenye mchanga huko chini. Kila asubuhi bandarini wananiambia kesho. Ningekaa chumbani ningepasuka. Mlinzi wa nyumba ya wageni ana baiskeli ya toleka, zile za kubeba abiria, yenye kiti cha sponji nyuma. Nikamwomba. Akaniuliza, "Mama, unajua kweli?" Nikaipanda pale pale, nikazunguka ua, akacheka akanipa.

Unaukumbuka uwanja wa shule, Zaina? Mwaka wetu wa kwanza hatukuwa tunasemezana ila habari ya chumvi. Siku moja ukanikuta namngojea Ramazani anipeleke sokoni, ukasema, "Utamungoja mupaka lini? Kuya nikufundishe." Ulishika kiti kwa nyuma, unakimbia na kitenge umekikunja magotini. Nikaanguka kwenye mihogo ya watu. Tulicheka mpaka tukakaa chini. Ramazani alipotuuliza kwa nini sote wawili tumejaa vumbi, hakuna aliyemjibu. Nafikiri ni siku ile tulipoanza kupendana.

Nikaenda Kabondo, mtaa wa kwenu. Nilijiambia ni kutazama tu. Siijui Kabondo, nilijua maneno yako peke yake: nyumba iko karibu na mashine ya kusaga, mbele imepakwa bluu kwa ajili ya wageni, nyuma ni udongo mtupu. Basi, mashine za kusaga ni nyingi kule, na bluu ndiyo usiseme. Avenyu zinafanana, nyekundu, mitaro imejaa maji ya mvua. Kanisani watu wanafanya mazoezi ya kwaya wanarudia mstari mmoja, mbele kidogo kuna msikiti, halafu kina mama wanatwanga ndizi za lituma, halafu tena kanisa. Mwanamume mmoja akanipigia kelele, "Toleka!" Nilipogeuka akaona ni mwanamke, akashika kichwa. Wewe ungemjibu. Mimi nilikanyaga pedali.

Kila nilipoona ukuta wa bluu, nilikwenda mbio zaidi. Nilikuwa naitafuta nyumba huku naomba isionekane. Jioni narudi nimechoka, nakula, nashindwa kukaa, kesho yake nakwenda tena.

Kuna dada anauza vocha za simu chini ya mwavuli pale kwenye njia panda. Akaniita. "Mama, unapita-pita. Unatafuta nani?"

"Sitafuti mtu."

Kesho yake akasema, "Leo pia hautafute mutu?"

Nikashuka. Nikasema natafuta kwa Mama Zaina. Akaniuliza kama ni ndugu. Nikamwambia, "Mimi ni mbanda." Uso wake ukabadilika. Akanyoosha mkono tu kunionyesha. Hapo nikajua kwamba ile habari imetembea Kabondo kuliko mimi.

Mama yako alikuwa amekaa kwenye kigoda anachambua sombe, majani ya mihogo. Pua yake ni yako. Alinitazama kuanzia miguuni.

"Njo weye?"

"Ni mimi, Mama."

Hakunikaribisha. Nilibaki nimeshika usukani wa baiskeli, maana ningeuachilia ningekimbia. Akauliza nimekuja kufanya nini. Nilikuwa nimepanga maneno tangu Ubundu, maneno makali mengine, yote yakapotea. Nikasema, "Nimekuja unitazame."

Akachambua majani, akachambua. Kisha akauliza, bila kuinua kichwa, "Alikufa namna gani?"

Zaina, hakuna mtu aliyemweleza! Katika hasira zetu zote, hakuna aliyemweleza mama mzazi jinsi mtoto wake alivyokufa. Nikamweleza nimesimama vile vile. Homa iliyoanza ukifua nguo, ukasema ni jua. Hospitali iliyojaa mpaka kwenye varanda. Jinsi ulivyolala kwenye benchi, kichwa pajani kwangu, unaniuliza kama mvua inanyesha, na mvua haikunyesha. Jinsi ulivyonishika kidole, halafu…

Unajua.

"Alikuwa mu mikono ya nani?"

"Yangu, Mama."

Akaweka majani chini. Hakulia. Kuku akaja akaanza kula sombe yake na yeye hakumfukuza. Kisha akaitazama baiskeli.

"Hii kinga, unajua kubebea mutu?"

Nikasema najua. Akainuka kwa taabu, akafunga kitambaa kichwani, akaja akakaa kiubavu kwenye kile kiti cha sponji. "Nilisema juu yako fasi mingi," akasema. "Twende."

Nikuambie ukweli, nusura nimkatalie. Nilitaka aniambie mimi kwanza kwamba alikosea, kabla ya hizo fasi, mahali pote aliponisema. Mimi! Aniambie usoni. Hakuniambia, mpaka leo hajaniambia. Lakini alikuwa ameshakaa, miguu yake ile iliyovimba inaning'inia, na mkono wake umeshika blauzi yangu kwa nyuma. Nikakanyaga.

Nyumba ya kwanza ni ya jirani, mama mmoja mzee. Mama yako hakushuka. "Huyu njo bibi mukubwa ya Ramazani," akasema kwa sauti. "Yale nilisema juu yake, nilisema na uchungu. Haiko kweli." Mama mzee akatuletea maji. Tukaenda nyingine, na nyingine. Kwenye mashine ya kusaga alirudia mara mbili kwa sababu ya kelele, mwisho mwenye mashine akaizima ili asikie vizuri, na watu wote wakasimama na unga kwenye nyusi zao wakisikiliza jina langu likifutwa. Nilitaka ardhi inimeze. Nilitaka pia aseme tena.

Na mama yako ni mzito, Zaina! Kwenye tope nilishuka nikasukuma. "Kushoto," ananiamuru. "Polepole, haubebe mihogo." Jasho linanitoka mpaka machoni. Lakini Kabondo niliyokuwa nikiizunguka kama mwizi, sasa nilikuwa naingia kwa milango yake.

Kwa mdogo wako Asina haikuwa rahisi. Alitoka, akasikiliza yote, mikono kifuani. Akasema, "Mama, weye ulisema, miye niliamini. Siwezi kuacha kuamini leo juu umepanda kinga." Akafunga mlango. Mama yako aliutazama ule mlango muda mrefu. Sikumchukia Asina. Anakulilia hivyo. Akiniacha mimi, atamshika nani? Homa haina uso.

Nikasema, "Mama, umechoka, turudi."

"Bado moja."

Ni kwa yule rafiki yako anayekaanga mikate kando ya shule mliyosoma. Sikuwa namjua, yeye naye hakunijua. Akafuta mikono, akasalimia, akauliza, "Mama Zaina, huyu iko nani?"

Mama yako akafungua mdomo aseme maneno yake yale yale aliyoyasema kila nyumba. Hayakuja. Nilikuwa nimekanyaga chini mguu mmoja, baiskeli imeegemea pajani kwangu, nikahisi mkono wake unaikaza blauzi yangu.

"Zaina alikufa mu mikono ya huyu," akasema.

Basi. Halafu akalaza paji la uso mgongoni kwangu, na mgongo wangu ukalowa. Baiskeli ikaanza kuyumba. Rafiki yako akaacha mafuta motoni, akaja mbio akaishika kwa mbele, akatushikilia sote wawili mpaka tukanyamaza.

Boti ilifika. Taa zimefika salama, patroni anafurahi.

Leo jioni nitamweleza Ramazani yote, nitampigia mama yako, na simu nitaiweka mkononi mwa bwana wetu, apende asipende. Likizo ndefu nitampeleka Mariamu Kabondo, amjue bibi yake. Na tutabisha hodi kwa Asina. Asipofungua, tutabisha likizo itakayofuata.

Kwaheri, mwenzangu. Mungu akupanulie huko ulikolala. Mtoto wako ni wangu, na sasa mama yako pia, kwa ukali wake wote. Nakuahidi sitamwacha hata mmoja.

Salima wako