Sauti Moja Kutoka Roshani

Parma, 19 Januari 1962

Dada yangu Delfina,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji Attilio na watoto, na kwamba joto la Rosario, huko ng'ambo, halijakuchosha. Huku tangu Krismasi ni ukungu tu. Mimi afya ninayo, ila utulivu sina. Naandika mistari miwili, nainuka, nachungulia barabarani bila kutafuta mtu, kisha narudi.

Jumapili nilikwenda makaburini kwa Ersilia nikabadilisha maua. Bado nikitembea hukaa karibu na ukuta, ili yeye awe kushoto kwangu, penye sikio langu zima. Nafika kona ndipo nakumbuka.

Ndani ya bahasha nimekuwekea vipande vya magazeti, maana uliomba habari za Noemi wangu. Yule mwandishi wa Milano, ambaye husifu kwa shida kama mtu anayeng'olewa jino, anasema mtoto wetu haimbi huzuni, bali anaiacha ipite. Wa Bologna anasema tangu vita viishe hajasikia mwimbaji wa soprano akiipandisha sauti juu namna ile na bado ikabaki laini. Gazeti la hapa nyumbani limeandika kwamba binti wa fundi baiskeli amewaliza watu wa roshani ya jumba la opera, wale wa viti vya bei rahisi kule juu. Hayo ndiyo makubwa kuliko yote, na wewe uliyekulia hapa unajua kwa nini. Milano wanapiga makofi kwa adabu. Roshani yetu haina adabu, na mzaliwa wa hapa wanamzomea mara mbili.

Ila kuna jambo ambalo waandishi hao hawalijui. Tangu mazishi ya mama yake, koo la Noemi halikupona. Wiki moja kabla ya onyesho la kwanza alikwenda kwa daktari Bologna, akarudi na kuniambia mimi peke yangu, tukiwa jikoni, kwamba nyuzi za sauti zimevimba. Daktari alitaka apumzike kabisa. Yeye akaomba aimbe usiku mmoja tu, akakubaliwa kwa shingo upande, kwa sharti kwamba asijikaze hata kidogo zaidi ya yaliyoandikwa kwenye nota. Akizidisha, sauti inaweza kwenda na isirudi. Nilimsihi ajitoe. Akanijibu kwamba watu wa roshani watasema amewaogopa, na neno hilo litamfuata mpaka uzeeni. Kwa hiyo ule ulaini wanaousifu, Delfina, ni mtoto aliyekuwa anatembea juu ya barafu.

Usiku ule nilipanda juu pamoja na Learco, muuza jibini, unamkumbuka. Mpaka mwisho wa sehemu ya pili niliweza kukaa. Ya tatu ilipoanza nikamwambia miguu inaniuma, nikaenda kusimama nyuma, gizani, karibu na mlango. Ulipofika wimbo wa sala, ule mrefu, hakuna aliyekohoa. Alipomaliza, ukimya ukadumu kiasi kwamba nilidhani wamemkataa. Halafu roshani nzima ikalipuka, na baada ya makofi likaanza lile neno, bis, bis, wakigonga miguu sakafuni, wimbo urudiwe. Miaka mingi hawajampa mtu heshima hiyo. Anayepewa hakatai. Kukataa ni kuwatemea mate usoni.

Kiongozi wa wanamuziki akamtazama Noemi. Noemi akainua kichwa, na mabega yake yakapanda.

Hapo ndipo mtu mmoja akapaza sauti kutoka juu: "Basi! Mara moja inatosha!"

Vichwa vikageuka juu. Kisha watu wakaanza kumtukana mtu huyo bila kumwona, fujo ikazidi, na katika fujo ile kiongozi akaona heri aendelee mbele. Wimbo haukurudiwa. Noemi aliimba mpaka mwisho, na sauti haikukatika.

Utaona mstari niliopigia wino katika gazeti la Parma. Linamtaja mtu huyo kuwa mlevi au mwenye wivu. Asubuhi yake mkahawani Learco hakunyamaza. Aliniambia: "Nevio, nikimjua yule mshenzi nitamvunja miguu, na wewe utanishikia koti." Nikamwambia nitalishika.

Dada, mshenzi huyo ni mimi.

Sijamwambia mtu, na kwako siwezi kuficha. Niliyaona yale mabega. Ndivyo yanavyopanda anapovuta pumzi tangu ana miaka sita, na nilijua anakwenda kuwapa wanachotaka. Nikapiga kelele kabla sijafikiri.

Noemi aliitambua sauti. Ndiyo iliyomwita mezani utoto wake wote. Nilipomngoja mlangoni nyuma ya jukwaa, aliwanong'oneza wote asante, na mimi akanipa mkoba wake nibebe, basi. Kesho yake daktari akamwamuru asitoe neno lolote mpaka Jumanne ijayo. Maonyesho yaliyobaki wamempa mwimbaji mwingine, na mjini sasa wanasema amekimbia kwa sababu ya mlevi mmoja.

Kwa hiyo tunaishi humu kimya. Anakula, anatabasamu kidogo, anaosha vyombo. Sijui kama ananinyamazia au anamtii daktari. Kabla ya kulala hunibusu kwenye paji la uso, lakini wewe unakumbuka, hata alipokuwa mdogo na amenikasirikia wiki nzima, busu hilo hakuninyima. Ersilia angejua. Angemtazama mara moja huku akikata mkate, kisha angeniambia.

Jumanne nitamsindikiza Bologna. Daktari atasikiliza kama sauti ipo. Mimi nitasikiliza Noemi ataniambia nini.

Mpe mkono shemeji Attilio, na uwakumbatie watoto kwa niaba yangu. Ukienda kanisani, utuwekee mshumaa sote watatu.

Mdogo wako akupendaye,
Nevio