Nyuso Arobaini za Blandina

Leo umetimiza mwaka mmoja kaburini, binti yetu Blandina, na hapa Ganako mlango ukigonga bado tunadhani ni wewe unarudi na gunia la magazeti ya zamani.

Ulikuwa mpole. Ulimchotea maji mama Sabina, mjane jirani yetu, kabla ya kujichotea mwenyewe. Ulikula umesimama, na udongo wa mfinyanzi haukutoka kwenye kucha zako hata siku ya Pasaka.

Kazi yako ilikuwa vinyago vya kuigizia. Baba yako alijifunza kusoma katika darasa la ngumbaru, lakini ni wewe uliyemweleza kwamba Wayunani wa kale waliigiza wamefunika nyuso, na kwamba Wamakonde wanacheza mapiko, ngoma yao ya vinyago, tangu enzi za mababu, na aliyevaa hatajwi jina, hata kama mkewe ameitambua miguu yake. Ulikwenda Mtwara kujifunza, ukarudi na njia yako mwenyewe: kalibu ya udongo, juu yake vipande vya gazeti na uji wa ngano, tabaka kwa tabaka; kikikauka, kinyago kinabanduliwa na kalibu inabaki.

Kisha jirani mmoja akang'oa mikonge ya mpaka wa mama Sabina na kuipanda upya, hatua kumi ndani ya shamba la mjane huyo. Jina la jirani huyo hatuliandiki hapa. Halistahili kukaa karibu na lako. Ukatunga mchezo wa mtu mwenye tamaa, ukamtengenezea kinyago. Hukumtaja yeyote. Yeye mwenyewe alikuja karakanani kwako.

"Wewe binti, umenichora mimi!"

"Shikamoo, mzee. Nani kakwambia ni wewe?"

"Pua hii si yangu?"

"Hiyo ni ya mjomba wangu Piusi, mzee. Lakini kama inakutosha, karibu."

Akakikanyaga kwa buti zake za mvua mpaka kikawa matambara. Wiki mbili baadaye homa ya mapafu ikakuchukua, mchezo haujaonyeshwa. Na msibani, chini ya turubai letu, mdomo umejaa wali wetu, alimwambia aliyeketi naye: "Basi, mchezo umekufa naye." Mama yako alisikia.

Padri alituambia tusamehe. Tumejaribu, Blandina. Haikuwezekana.

Ila mzee huyo hajui kazi yako. Alivunja kinyago, kalibu akaiacha rafuni. Mwaka mzima, kila Jumapili baada ya misa, tumekaa karakanani kwako tukibandika magazeti. Sasa viko arobaini, vyote pua moja.

Jumamosi hii, saa tisa alasiri, kwenye kiwanja cha mpira, mchezo wako utaonyeshwa. Watu arobaini wenye uso mmoja watang'oa mikonge mbele ya kata nzima, wanawake kwa wanaume, na kwa desturi uliyotufundisha hatutasema nani alivaa. Akitaka kushtaki, aende barazani akatamke kwa kinywa chake: "Uso ule ni wangu." Tumemwalika. Kiti chake kipo mstari wa mbele, ubavuni mwa mama Sabina.

Unakumbukwa na baba yako Lazaro, mama yako Angelina, dada yako Dorkasi, mjomba wako Piusi na ukoo wote wa Ganako na Mbulu.

Sisi hatutakusahau kamwe, binti yetu. Na yeye tutahakikisha hatakusahau.