Petroli Iliyotoka Kagunga

Jumanne. Mvua tangu alfajiri, mtaa wetu wa Buzebazeba wote tope.

Kwa majonzi makubwa nautangazia umma kwamba mkemia wenu hatapanda treni ya Alhamisi. Bendera zipepee nusu mlingoti. Shati jipya la safari limerudishwa msumarini.

Miezi saba sijamwona mke wangu, yuko Morogoro. Sauti yake naipata kwenye simu, lakini simu haina bega la kuegemea.

Kilichonizuia ni mifuko miwili ya nailoni niliyoletewa na polisi nipime. Kule Kagunga, kijiji cha mpakani kinachofikiwa kwa boti, duka limeungua, na anayeshukiwa ni Mama Goreth, mkimbizi kutoka Burundi aliyekuwa akilala barazani hapo. Mchana wa siku ile aligombana na mwenye duka. Wanawe watatu wamepelekwa kambini, yeye yuko mahabusu. Nikikuta petroli kwenye majivu, hatawafuata karibuni.

Jana niliyapasha majivu ndani ya kopo, mvuke ukanaswa na kipande cha mkaa, mkaa nikaupima kwenye mashine. Petroli ikajichora kwenye karatasi, milima kwa mabonde, kama ya kitabuni.

Nikaanza ripoti. Kichwani nilishafika Tabora.

Mfuko wa pili ulikuwa udongo wa uwanja wa shule, mbali na moto, wa kulinganishia. Huo kwa kawaida hauna kitu. Niliupima basi tu.

Milima ileile.

Nikampigia sajenti aliyeileta mifuko. "Afande, na shule nayo iliungua?"

"Hapana, Mzee. Ila kwenye boti mifuko ilikaa karibu na dumu la petroli ya injini. Lilikuwa linavuja kidogo." Akakohoa. "Si ule wa majivu umeonyesha? Andika huo tu."

Nilitazama kalamu muda mrefu kuliko ninavyopenda kukiri.

Nimeandika majibu hayafai, udongo wa chini ya kizingiti cha duka uchukuliwe upya. Kesho naenda mwenyewe.

Mke wangu nimemwambia treni imeharibika. Ukweli ni huu. Vielelezo vya moto hubebwa kwenye makopo yanayofungwa kabisa, maana mvuke wa petroli hupenya nailoni. Makopo yamo kabatini kwangu. Sajenti aliyaomba kabla ya kwenda Kagunga, na ufunguo nilikuwa nimeusahau nyumbani. Nikamwambia achukue mifuko tu, awahi boti. Nilikuwa na haraka ya kumaliza kazi nisafiri kwa mke wangu.

Kwa hiyo siku anazoongezewa Mama Goreth nimempa mimi. Asubuhi, kabla ya boti, nitapita kituo cha polisi nimwambie. Kirundi changu kinaishia kwenye salamu. Baada ya salamu, nianzie wapi?