Gauni la Bluu Kwenye Kioo

Chumba cha kushonea,
Juu ya duka la vioo,
Jumanne, 14 Mei.

Mpendwa Dada,

Shikamoo. Magoti yanaendeleaje? Na shemeji bado anakoroma hadi majirani wanalalamika? Mimi mwili mzima, ila moyo haujatulia. Mwandiko wangu wenyewe utakuambia.

Unaukumbuka ule mtandao wa mafundi niliokusifia. Ukiweka picha unapewa nyota; ukinyamaza siku mbili unaulizwa, "Fundi, leo umeshona nini?" Nami kwa kupenda sifa nikawa naweka hata vifungo. Uliponikataza kuipiga picha nyumba yako nilikutania kwamba umezeeka. Sikio la kufa halisikii dawa.

Wiki iliyopita niliweka picha ya koti la mwalimu. Sikuona kwamba nyuma yake, kwenye kioo cha kujipimia, alikuwemo mteja wangu wa gauni la bluu, yule niliyekusimulia kuwa amemtoroka mumewe. Mkono wa kushoto wa gauni niliupanua mwenyewe ili plasta ya mkono wake uliovunjika ipite.

Jana chini ya picha mtu akaandika: "Huyo wa bluu ni mke wangu. Fundi huyu yuko wapi?" Mtandao ukawaomba wasomaji wamsaidie. Wakamsaidia, Dada. Mmoja akataja mtaa, mwingine ngazi ya chuma, wa tatu akachora ramani na akapewa nyota. Walidhani wanatenda wema. Niliifuta picha, lakini maji yakimwagika hayazoleki, ilikuwa imeshasambaa.

Nilimwendea mteja kumwomba radhi. Hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Sasa niende wapi?"

Leo asubuhi muuza vioo ameniambia kuna mwanamume aliyemwuliza nafungua saa ngapi. Naogopa, Dada. Nimetia komeo, na kila kishindo cha ngazi nasimamisha cherehani. Barua hii muuza vioo ataitoa kwa mlango wa nyuma na kumkabidhi mtu wa kukuletea.

Nisalimie shemeji, na binti yako Kichuna umwambie sketi yake ya shule imo kwenye mfuko wa mleta barua. Mungu aulinde mlango wako na kila aupitaye.

Mdogo wako mkaidi, akupendaye,
Fundi

N.B. Tazama mkono wa kushoto wa mleta barua. Nyumba yako ndiyo pekee ambayo sikuwahi kuipiga picha. Mfungulie.